Jina, Cheo na Nishani: Namna ya Kusahihisha Rekodi za Mwanajeshi Mstaafu

Wako wazee katika kaunti yetu waliovaa sare ya jeshi kwa miaka kumi, ishirini na zaidi. Kila mmoja wao aliacha jalada jeshini. Ndani yake mna jina lake, nambari yake ya jeshi, tarehe aliyoandikishwa, vikosi alivyotumikia, vyeo alivyopanda, nishani alizotunukiwa na sababu ya kuondoka kwake. Wengi hawalifikirii jalada hilo mpaka siku linapohitajika: pensheni inapokwama, mjane anapoambiwa kwamba majina hayalingani, au mzee anapogundua kwamba misheni aliyokwenda akiwa kijana haionekani popote katika karatasi zake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Utumishi wa miaka mingi nao ni mali, na daftari lake likiwa na kosa, anayeumia ni mwenyewe na watu wa nyumbani kwake.

Somo la toleo hili ni la wanajeshi wastaafu, wajane wao na watoto wao. Tutaeleza makosa yanayoweza kutokea, haki ambazo sheria imempa mwananchi, na hatua za kufuata. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: rekodi hurekebishwa kwa ushahidi, na ushahidi wenye nguvu zaidi ni karatasi iliyoandikwa wakati jambo lenyewe lilipotendeka. Anayeanza kwa kutafuta karatasi hufika mbali kuliko anayeanza kwa kulalamika.

JALADA LIKO WAPI?

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, ulinzi wa taifa ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Kwa hivyo rekodi za wanajeshi husimamiwa na Wizara ya Ulinzi, yenye makao yake Ulinzi House, Nairobi, pamoja na majeshi yake matatu: Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Wanahewa na Jeshi la Wanamaji.

Serikali ya kaunti haiwezi kubadilisha hata mstari mmoja katika jalada hilo. Chifu hawezi, na Huduma Centre haiwezi. Hata hivyo, ofisi zilizo karibu nawe zina kazi yake. Chifu anaweza kuandika barua ya kumtambulisha mzee au warithi wake. Ofisi ya usajili wa watu hushughulikia kitambulisho kilichokosewa. Ofisi ya usajili wa vizazi na vifo hutoa cheti cha kifo, ambacho familia ya marehemu haiwezi kuendelea bila hicho. Karatasi hizi ndizo zitakazofunga safari kwenda Wizara ya Ulinzi, kwa hivyo zianze kulingana zenyewe kwanza. Haifai kuomba jeshi lirekebishe jina huku kitambulisho na cheti cha ndoa navyo vikitaja majina mawili tofauti.

TATIZO NI LA AINA GANI?

Kabla ya kuandika barua yoyote, jiulize tatizo lako liko katika kundi gani kati ya haya matatu.

Kundi la kwanza ni kosa la uandishi. Karani aliandika herufi isiyo yake, alibadilisha mpangilio wa majina, au aliandika mwaka wa kuzaliwa kwa kukisia kwa sababu siku hizo mzee hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Nambari ya jeshi nayo inaweza kupoteza tarakimu moja inaponakiliwa kutoka kitabu kimoja hadi kingine.

Kundi la pili ni pengo. Jambo lilitendeka na liliidhinishwa, lakini halikuingizwa katika jalada. Mtu alipandishwa cheo kwa barua, alimaliza kozi, alitumwa nje ya nchi au alivikwa nishani gwarideni, na baadaye jalada halionyeshi chochote.

Kundi la tatu ni kutoridhika na uamuzi. Mzee anaona alistahili kupandishwa cheo na hakupandishwa, au alistahili nishani na mkuu wake hakumpendekeza, au aliondolewa jeshini kwa njia asiyokubaliana nayo. Hapa rekodi haijakosea: inaeleza sawasawa kile kilichoamuliwa, na mgogoro uko kwenye uamuzi wenyewe.

Makundi mawili ya kwanza ndiyo somo letu la leo. La tatu lina njia yake ya rufaa na mara nyingi huhitaji wakili. Kulichanganya na mengine mawili huharibu mambo: barua inayoomba herufi moja irekebishwe, kisha ikamaliza kwa kurasa tatu za malalamiko kuhusu mkuu wa kikosi wa zamani, humfanya anayeisoma asijue hasa anaombwa nini.

SI KILA TOFAUTI NI KOSA

Majina ya vikosi na majeshi yetu yamebadilika na historia. Mtu anaweza kushika karatasi mbili zenye majina mawili na zote zikawa sahihi.

Tarehe 12 Desemba 1963, batalioni za King's African Rifles zilizokuwa Kenya, ambazo wazee waliziita Keya, ziligeuka na kuwa Kenya Rifles. Aliyejiunga mwaka 1960 na kustaafu miaka ya sabini atakuwa na karatasi zenye majina yote mawili. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Jeshi la Wanahewa lilivunjwa na kuundwa upya kwa jina la '82 Air Force, hadi mwaka 1994 liliporudishiwa jina lake la awali. Mwanahewa aliyetumikia miaka ya themanini asishtuke kuliona jina hilo. Vilevile, aliyeondoka kabla ya Katiba ya 2010 ataona maneno Armed Forces, na aliyeondoka baadaye ataona Kenya Defence Forces.

Misheni nazo ni hivyo hivyo. Wanajeshi wetu walioingia Somalia Oktoba 2011 walikuwa katika operesheni ya Kenya yenyewe, Linda Nchi. Mwaka 2012 waliunganishwa na AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika, ambayo Aprili 2022 nafasi yake ilichukuliwa na ATMIS. Mtu mmoja anaweza kuwa alipita katika zaidi ya moja ya hizo. Linganisha tarehe kwanza, ndipo useme kuna kosa.

SHERIA INASEMA NINI?

Kifungu cha 35 cha Katiba kina mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. La pili, kila mtu ana haki ya kutaka habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe.

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaeleza haki hiyo itumikeje. Ombi la habari huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwa hivyo asikwambie mtu kwamba barua yako ya Kiswahili haina uzito. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, ana haki ya kusaidiwa na afisa husika ili ombi lake liandikwe. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Afisa anapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21, na muda huo unaweza kuongezwa mara moja kwa siku zisizozidi 14.

Sheria hiyohiyo inaipa ofisi ya umma wajibu wa kusahihisha taarifa binafsi ambazo ni za makosa, zimepitwa na wakati au hazijakamilika. Anayeomba anatakiwa kuandika mambo matatu: aseme wazi kwamba anaomba taarifa zake zirekebishwe, ataje ni taarifa ipi na ina kasoro gani, na aeleze anataka iandikweje.

Ukinyimwa, unaweza kuomba uamuzi huo uangaliwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama Ofisi ya Ombudsman. Ombi hilo hupelekwa ndani ya siku 30 tangu ujulishwe uamuzi. Ndiyo maana ni muhimu kuweka tarehe ya kila barua uliyopokea.

Kuna mpaka mmoja wa kukumbuka. Sheria inaruhusu habari zinazogusa usalama wa taifa kuzuiwa. Omba taarifa zinazokuhusu wewe binafsi: jina, tarehe, cheo, kikosi, kozi, misheni na nishani. Usiombe mipango ya operesheni, idadi ya wanajeshi waliokwenda au majina ya wenzako. Ombi lililobanwa kwenye taarifa zako halitoi sababu nyingi za kukataliwa.

HATUA SITA ZA KUFUATA

1. Pekua nyumbani. Fungua sanduku, mkoba na bahasha zote. Tafuta cheti cha kuondoka jeshini, barua ya kuandikishwa, barua za kupandishwa cheo, vyeti vya kozi, kadi ya kitambulisho ya misheni, pasipoti yenye mihuri, karatasi za malipo, kadi za hospitali ya jeshi na picha. Hata barua uliyomwandikia mkeo ukiwa kambini, yenye anwani ya kikosi na tarehe ya posta, ni ushahidi.

2. Omba nakala ya rekodi yako. Hatua hii watu huiruka. Unachokumbuka kuhusu jalada lako huenda si kilichoandikwa humo, na kosa unalolihofia huenda liko kwenye nakala moja tu iliyoko ofisi ya pensheni. Andika barua ya kuomba nakala, utaje majina yako yote, nambari ya jeshi, mwaka wa kuandikishwa, mwaka wa kuondoka na vikosi ulivyotumikia.

3. Linganisha mstari kwa mstari. Chukua karatasi na uigawe safu tatu. Safu ya kwanza andika rekodi inasemaje. Ya pili, inapaswa kusemaje. Ya tatu, ni karatasi gani inayothibitisha. Mstari ambao safu yake ya tatu ni tupu bado haujawa tayari kupelekwa.

4. Jaza mapengo ya ushahidi. Kwa majina yanayotofautiana, wakili au kamishna wa viapo atakuandalia hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kwa tukio lisilo na karatasi, tafuta wenzako waliokuwapo. Taarifa ya shahidi iwe na jina lake, nambari yake ya jeshi, kikosi mlichokuwa pamoja, mahali, mwezi na mwaka, na kile alichokiona kwa macho yake. Maneno kama "namfahamu kuwa askari mzuri" hayasaidii. Chama cha wanajeshi wa zamani, DEFOCA, ni mahali pazuri pa kuwatafuta wenzako mliopoteana.

5. Andika ombi la kusahihisha. Kila kosa lipewe nambari yake, na kila nambari iwe na kiambatisho chake. Peleka nakala zilizothibitishwa. Karatasi halisi zibaki nyumbani.

6. Tunza kumbukumbu na ufuatilie. Ukipeleka barua kwa mkono, gongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukituma kwa posta, tumia barua ya rejista na utunze risiti. Katika daftari dogo andika tarehe, ofisi uliyokwenda na ulichoambiwa. Daftari hilo ndilo utakaloonyesha endapo suala litafika kwa Ombudsman.

NISHANI ISIYOONEKANA

Nishani zina mambo yake, kwa sababu hazitoki mahali pamoja. Swali la kwanza ni: ilitolewa na nani?

Heshima za taifa hutolewa na Rais, na siku hizi zinaongozwa na Sheria ya Heshima za Taifa ya mwaka 2013. Matangazo ya waliotunukiwa huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, na matoleo yake mengi yanaweza kusomwa mtandaoni. Ukipata tangazo lenye jina lako, andika nambari ya tangazo, tarehe na ukurasa. Hiyo ni karatasi ya serikali yenyewe, na ni vigumu kubishana nayo.

Nishani za utumishi hutolewa na jeshi kwa kutimiza muda fulani au kushiriki operesheni fulani. Ushahidi wake ni amri za kikosi, barua na cheti kilichoambatana na nishani.

Nishani za Umoja wa Mataifa hutolewa kwa walioshiriki misheni zake. Wakenya walikwenda Namibia mwaka 1989, Yugoslavia ya zamani kuanzia 1992, Sierra Leone kuanzia 1999, na mpaka wa Ethiopia na Eritrea kuanzia 2000, miongoni mwa nyingine. Kwa misheni nyingi, mtu hustahili baada ya siku 90 za utumishi ndani ya misheni, kwa hivyo tarehe ya kufika na ya kuondoka ndizo zinazoamua. Utepe wa kila misheni una rangi zake, na rangi hizo zinaweza kutambulisha misheni hata karatasi zikiwa zimepotea. Kumbuka kwamba misheni ya AMISOM ilikuwa ya Umoja wa Afrika. Aliyetumikia humo asiombe nishani ya Umoja wa Mataifa kwa utumishi huo.

Nishani za kabla ya Uhuru zilitolewa na Uingereza. Hapa kuna jambo familia nyingi hazilijui. Geuza nishani uangalie ukingo wake. Nishani za Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kawaida zilichongwa nambari, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Nishani za Uingereza za Vita vya Pili kwa kawaida zilitolewa bila jina lolote. Kwa hivyo Nyota ya Burma iliyo sandukuni mwa babu inaonyesha kwamba kuna mtu aliyepigana Burma. Kuthibitisha kwamba mtu huyo ni babu, unahitaji karatasi nyingine.

Kumbuka pia kwamba nishani na maandishi yake ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na nishani kifuani na jalada likawa tupu. Mwingine jalada linamtambua lakini nishani yenyewe iliibwa au iliungua na nyumba. Wa kwanza anaomba rekodi ijazwe, wa pili anaomba apewe nyingine badala ya iliyopotea. Sema wazi unaomba lipi. Kununua nishani sokoni na kuivaa hakujazi chochote katika jalada.

MFANO WA KUFUNZIA

Tuchukue mfano wa sajenti mmoja aliyejiunga mwaka 1985 na kustaafu 2006. Mfano huu ni wa kufunzia tu. Anapopata nakala ya rekodi yake anaona mambo matatu. Jina lake la ukoo lina herufi r mahali pa l. Hakuna popote palipoandikwa kwamba alikuwa Sierra Leone mwaka 2001, wala nishani ya misheni hiyo. Na cheo alichostaafu nacho ni sajenti, ilhali anaamini alistahili kuwa sajenti mwandamizi.

Kwa jina, anaambatisha nakala ya kitambulisho, cheti cha ubatizo na hati ya kiapo. Kwa Sierra Leone, ana kadi ya misheni yenye tarehe. Alifika tarehe 14 Februari 2001 na akarudi tarehe 20 Agosti. Anahesabu na kupata siku 187, zaidi ya siku 90 zinazohitajika. Anaongeza picha ya nishani na utepe wake, na taarifa za wenzake wawili waliokuwa naye kambini.

Na kuhusu cheo? Anatafuta barua ya kupandishwa na haipati, kwa sababu haikuandikwa. Jambo hili ni la kundi la tatu. Analiacha nje ya ombi hili, hata kama linamuuma. Ombi lake linabaki na mambo mawili, kila moja na ushahidi wake, na afisa anaweza kuyaamua bila kulazimika kumwita Nairobi.

NAMNA YA KUANDIKA BARUA

Barua ifuatayo ni kielelezo. Jaza sehemu zenye nukta kwa taarifa zako.

Jina kamili: ………
Nambari ya jeshi: ………
Nambari ya kitambulisho: ………
Anwani na simu: ………
Tarehe: ………

Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari,
Wizara ya Ulinzi,
Ulinzi House,
NAIROBI.

Bwana/Bibi,

KUH: OMBI LA KUSAHIHISHA TAARIFA ZANGU BINAFSI KATIKA REKODI ZA JESHI

Mimi niliyetajwa hapo juu nilitumikia jeshi la ……… kuanzia tarehe ……… hadi ………, na niliondoka nikiwa na cheo cha ……… katika kikosi cha ………

Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba taarifa zangu zifuatazo zirekebishwe:

1. Rekodi inasema: ……… Inapaswa kusema: ……… Ushahidi: Kiambatisho A.

2. Rekodi haionyeshi: ……… Naomba iongezwe: ……… Ushahidi: Kiambatisho B na C.

Naomba nijulishwe kwa maandishi uamuzi utakaofikiwa, na marekebisho yakikubaliwa naomba nakala ya rekodi iliyosahihishwa.

Wako mwaminifu,
(Sahihi na jina)

Barua isizidi kurasa mbili. Viambatisho ndivyo vitakavyoongea.

IKIWA MZEE AMEFARIKI

Familia inaweza kuendelea na suala hili, ila inabeba mzigo wa ziada wa kuthibitisha uhusiano. Ambatisheni cheti cha kifo, cheti cha ndoa au kiapo cha ndoa ya kimila, kitambulisho cha anayeomba, na barua ya chifu inayowataja warithi. Chagueni mtu mmoja wa kuwasilisha ombi na wengine waweke sahihi ya kukubali. Watoto wa nyumba mbili wakiandika barua mbili zinazopingana, ofisi italazimika kusubiri mpaka mpatane au mahakama iamue.

Kwa wazee wa Keya na wa Kariakoo, yaani wale wapagazi wa jeshi waliotupa jina la soko la Kariokor jijini Nairobi, kazi ni ngumu zaidi kwa sababu wengi hawakuandikwa kabisa. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Vita vya Kwanza, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Tume hiyo iliomba radhi. Familia yenye cheti, nishani yenye jina, au barua ya zamani ya kutangaza kifo cha babu yao iitunze mahali pakavu na ipige picha pande zote mbili. Karatasi hiyo moja huenda ndiyo pekee duniani inayotaja jina lake. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iliyoko Moi Avenue, Nairobi, nayo inatunza majalada ya utawala wa kikoloni, na inafaa kutembelewa.

TAHADHARI

Jihadhari na madalali wanaodai wana mtu wao ndani ya wizara. Ombi la kisheria halina ada ya kuwasilisha, na hakuna anayepaswa kulipwa ili faili isogezwe. Usimpe mtu karatasi zako halisi, kadi ya benki wala nambari ya siri ya simu kwa ahadi ya kukuharakishia pensheni.

Usiape jambo usilolijua. Kuapa uongo ni kosa la jinai, kwako na kwa shahidi wako. Shahidi akisema hakumbuki mwezi, aandike hakumbuki mwezi. Taarifa yenye mapengo ya kweli inaaminika kuliko iliyokamilishwa kwa kubuni.

JIPIME

Swali: Rekodi yangu inasema nilikuwa '82 Air Force, lakini mimi nilikuwa Jeshi la Wanahewa la Kenya. Niombe irekebishwe?
Jibu: Angalia tarehe. Kama utumishi wako ulikuwa kati ya 1982 na 1994, hilo ndilo jina lililotumika.

Swali: Nina nishani ya Umoja wa Mataifa lakini sina karatasi yoyote. Nitaanzia wapi?
Jibu: Tambua misheni kwa rangi za utepe, omba nakala ya rekodi yako, kisha tafuta wenzako wawili waliokuwa nawe huko.

Swali: Ombi langu lilikataliwa miezi miwili iliyopita. Nimechelewa?
Jibu: Siku 30 zimepita, lakini Tume inaweza kuongeza muda. Peleka ombi sasa na ueleze sababu ya kuchelewa.

LA KUFANYA WIKI HII

Kama kuna mwanajeshi mstaafu nyumbani kwenu, keti naye jioni moja ukiwa na daftari. Mwulize nambari yake ya jeshi, mwaka aliojiunga, vikosi, makambi, misheni, na majina ya wenzake walio hai. Mwombe akuonyeshe karatasi zake, kisha mzipige picha pamoja. Jalada linaweza kungoja Nairobi miaka mingine kumi. Mashahidi hawawezi kungoja, na kila mwezi tunawazika baadhi yao.